Fileti ya Kampala: mbona ya hotelini laini, ya nyumbani inagoma?

#1 Mpangaji_Ntinda
Wadau, salaam. Bucha ninaponunua, mchanganyiko wenye mfupa ni 17,000 kwa kilo, fileti 24,000. Ile tofauti nailipa bila kunung'unika maana najua ninachokitaka. Nafika nyumbani, nakata, chumvi, pilipili manga, kikaangoni. Inatoka ngumu kama soli ya gambuti. Juzi mgeni wangu alianza kutafuna kipande kimoja taarifa ya habari inaanza, wakafika kwenye michezo bado yuko nacho.

Halafu naingia hoteli moja Kololo, steki inakatika kwa kisu cha kupakia siagi. Nimeuliza, wakasema nyama yao ni ya hapahapa Uganda. Sasa shida ni ng'ombe, ni bucha au ni mimi? Natumia sigiri, sina gesi. Na tafadhali mtu asiniambie nitie kwenye presha kuka. Nataka steki, sitaki mchuzi.

#2 MtotoWaMalaba
Ni wewe. Uzi ufungwe.

#3 Hadija_Arua
Usimsikilize huyo. Kaka, majani ya mpapai. Yaponde kidogo yatoe utomvu, ifunge nyama humo kama saa moja hivi, kisha ipanguse. Huku kwetu hata jogoo mzee anasalimu amri.

#4 Baharia_Tanga
Hadija kaongea. Sisi huku sarara tunaipaka papai bichi lililosagwa na tangawizi, mshikaki unakatika kwa ulimi. Nyie wa bara mnapenda chumvi peke yake mkidhani ndiyo uzungu.

#5 Afande_Mstaafu
Baharia, wewe zungumzia changu na kibua.

Mnakimbilia viungo kabla ya kuuliza kama ile nyama ni fileti. Kijana wa #1, fanya hesabu. Ng'ombe mmoja ana fileti mbili tu, moja kila upande wa uti wa mgongo, kwa ndani, chini ya figo. Kwa ng'ombe wetu hawa wa kawaida ukipata kilo nne kwa zote mbili umepata mnyama wa maana. Bucha yako ina ng'ombe mmoja amening'inia, na kila ukipita, asubuhi, mchana, saa kumi na mbili jioni, fileti ipo. Inatoka wapi? Umeuziwa paja, ndugu yangu. Umelipia tofauti ya 7,000 kwa ajili ya jina.

#6 Bucha_Kalerwe
Afande, shikamoo. Lakini tusitukanane jumla jumla.

Mimi niko kwenye kazi hii. Ng'ombe wanachinjwa usiku, alfajiri nyama iko dukani. Fileti zangu nyingi zimeshaagizwa na mikahawa, zinaondoka kabla sijanywa chai. Wewe unakuja jioni umetoka ofisini, tai shingoni, unasema "nipe fileti". Nikikwambia imekwisha unaniona sina bidhaa, unahamia kwa jirani. Jirani hawezi kukwambia imekwisha. Sasa nani kamfundisha jirani uongo?

Ukitaka kuijua: mwambie akuonyeshe ikiwa nzima, kabla ya kisu. Fileti ni ndefu, upande mmoja imejaa, inakwenda ikipungua mpaka mkia mwembamba. Juu ina utando unaong'aa rangi ya fedha. Nyuzi zake ni nyembamba sana, ukibonyeza kidole kinazama. Akikuletea vipande tayari vimekatwa viko kwenye sinia nyuma ya kioo, hiyo ni imani, si fileti.

Na usikubali aikate kwa panga. Kisu tu.

#7 MtotoWaMalaba
"Hiyo ni imani, si fileti." Bucha, umenimaliza 😂

#8 VetiKiruhura
Wakuu, #5 na #6 wana hoja lakini kuna jambo wamelipita. Hata fileti halisi, ikinunuliwa asubuhi na kupikwa jioni, inaweza kuwa ngumu. Mnyama akishachinjwa misuli inakakamaa. Kwa ng'ombe hali hiyo inajengeka saa kadhaa na inaweza kufika siku nzima. Baada ya hapo ndipo vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe vinaanza kukatakata zile nyuzi taratibu. Ndiyo maana wenzetu wanaitundika kwenye baridi ya nyuzi 0 hadi 4, wiki moja, mbili, hata tatu.

Kampala tunafanya kinyume. Mteja anataka nyama "mpya", iliyochinjwa leo, na bucha anaona fahari kusema ni ya leo. Ile hoteli ya Kololo naweka dau ina chumba cha baridi, nyama imekaa humo siku kadhaa. Hakuna uchawi mwingine.

#9 Mpangaji_Ntinda
Asanteni. @Bucha_Kalerwe, ya kwangu huwa naikuta imekatwa tayari. Nimenyamaza.

@VetiKiruhura, mimi siachi nyama izubae. Nikifika tu inaingia friza, bado ina joto la buchani. Siku nikiitaka naitoa. Hiyo si sawa na kuitundika?

#10 VetiKiruhura
Hapana! Nafikiri hapo ndipo penye kesi yako yote.

Nyama ambayo haijakakamaa, ukiipiga baridi kali ghafla, misuli inajivuta na kufupika, na ikishafupika hivyo, ugumu wake hauondoki kirahisi. Hatari ni pale inaposhuka chini ya nyuzi 10 hivi katika saa za mwanzo, asidi ya nyama ikiwa bado haijajengeka. Na ukiigandisha mapema mno, siku ya kuiyeyusha inajikunja upya na kumwaga maji mengi. Umewahi kuona kipande kimelala kwenye dimbwi jekundu, kimekuwa kifupi na kinene kuliko ulivyokiweka? Ndiyo hiyo.

Iache kwanza ipoe sehemu ya chini ya friji, ipite siku moja au mbili, halafu kama lazima, friza.

#11 Bucha_Kalerwe
Daktari, kwa heshima: hiyo inaumiza zaidi vipande vyembamba vilivyotolewa kwenye mfupa. Fileti ikiwa bado imeshikamana na uti wa mgongo, mfupa unaivuta, haijikunji. Wateja wangu wa hoteli wanachukua kiuno kizima na mfupa wake, wanatoa fileti wenyewe baadaye. Wa rejareja anataka nimtolee palepale ikiwa moto.

#12 VetiKiruhura
Sahihi kabisa, Bucha. Hilo nililiruka.

#13 Hadija_Arua
Haya yote ni mazuri kwa watu wenye umeme. Huku ukikatika jioni unarudi ukijisikia. Mnataka nitundike nyama wiki mbili kwenye friji iliyolala? Majani ya mpapai hayana bili.

#14 MamaTendo
Hadija, mimi pia umeme ni wa kubahatisha, lakini nimepata njia ya katikati. Nanunua Jumatano asubuhi, kipande kizima, sikati. Naikausha kwa kitambaa safi, naiweka juu ya ule waya wa kupozea keki, chini yake sinia, rafu ya chini kabisa ya friji. Siifungi kwenye kavera (mfuko wa plastiki), maana kavera inaitoa jasho na jasho linaleta utelezi. Jumamosi uso wake umekauka na kuwa mweusi kidogo, naupunguza kwa kisu, ndani ni rangi ya zabibu. Tofauti naiona.

Umeme ukikatika usiku kucha sibahatishi. Asubuhi inaingia sufuriani na nyanya na vitunguu, watoto wanakula na matoke, steki tunaiota.

#15 Afande_Mstaafu
Daktari, nina swali la kukuvunja. Kambini Moroto, miaka ile, ng'ombe anachinjwa asubuhi, saa nne tuko kwenye moto. Hakuna friji, hakuna kutundika, hakuna waya wa keki. Na ilikuwa laini. Meno yangu ninayakumbuka vizuri kwa sababu wakati huo nilikuwa nayo yote.

#16 VetiKiruhura
😄 Afande, hainivunji. Mliiwahi. Nyama inayofika motoni mapema kabisa, kabla ya kukakamaa, inaweza kuwa laini. Balaa ni ile ya katikati: imeshakakamaa na haijaanza kulegea. Na hiyo ndiyo karibu kila mfanyakazi wa Kampala anabeba kwenye bodaboda jioni.

#17 Afande_Mstaafu
Mimi naamini ni majani ya Karamoja. Ng'ombe anatembea, anachagua majani, hali mabaki ya kiwanda cha bia.

#18 Mwana_Mbarara
Ng'ombe anayetembea sana ndiye mgumu, Afande, misuli ya kazi hiyo. Kwa hoja yako mkimbiza mwenge angekuwa fileti.

#19 MtotoWaMalaba
Kwani si nyinyi Mbarara mnaotuletea yale mapembe? Ng'ombe wa Ankole ni wa kupigwa picha na watalii. Ukimla unakula sanamu.

#20 Mwana_Mbarara
Banange, huyu kijana wa mpakani amelelewa na nani?

Sikiliza. Mwenye ng'ombe wa pembe ndefu hampeleki mnadani fahali wake mzuri wa miaka mitatu ili wewe ukamtese kwenye sigiri. Anayepanda lori ni jike lililochoka kuzaa, au mtambo wa maziwa, chotara wa Friesian aliyeacha kutoa maziwa. Huyo ndiye unamtafuna halafu unasingizia pembe. Njoo Kiruhura ule nyama ya dume changa na eshabwe, ule mchuzi wetu wa samli, pembeni, ndipo ufungue mdomo.

#21 MtotoWaMalaba
Nauli utatuma wewe, ssebo?

#22 VetiKiruhura
Kabla hamjapigana. Umri una maana, ila zaidi kwa paja, bega na muundi, kwa sababu zile tishu za kuunganisha misuli zinazidi kukaza mnyama akizeeka. Fileti ina tishu hizo chache sana, haifanyi kazi ya kumbeba mnyama. Kwa hiyo jike zee bado linaweza kukupa fileti ya kula.

Aina ya ng'ombe, ndiyo, ipo. Jamii ya zebu, wale wenye nundu kubwa, wana kizuizi kingi zaidi cha vile vimeng'enya nilivyotaja #8, kwa hiyo nyama yao inachelewa kulegea. Ankole ni mchanganyiko wa kale wa zebu na ng'ombe wasio na nundu, msimweke kapu moja na zebu wa Karamoja.

Lakini mimi naogopa lori zaidi. Ng'ombe anasimama safari nzima, amebanana, hana maji, anafika anapigwa. Anatumia akiba yote ya sukari iliyomo kwenye misuli. Akichinjwa, asidi haijengeki inavyotakiwa, nyama inakuwa nyeusi, inanata kwenye vidole, kavu.

#23 Nesi_Nansana
Nyeusi na inanata! Hiyo nimeinunua mara nyingi, nikajua ni ya jana.

#24 Bucha_Kalerwe
Nnyabo, mara nyingi si ya jana. Tunalaumiwa bure. Ila daktari, mimi nimeona hiyo nyeusi kabisa wakati mwingine inapikika laini sana.

#25 VetiKiruhura
Umeona sawa. Ikiwa nyeusi sana inaweza kuwa laini, tatizo inaharibika upesi. Ile ya wastani, nyeusi kidogo, ndiyo inayosumbua meno zaidi. Mteja wa kawaida hawezi kuzitofautisha kwa macho.

#26 JikoniBugolobi
Nimesoma yote. Nimepika hotelini miaka mingi na nitasema ambalo hamtalipenda: mengi ya haya yanaharibiwa dakika nne za mwisho. Mleta uzi hajatuambia unene wa vipande vyake.

#27 Mpangaji_Ntinda
Vya kidole kidogo hivi. Ili viive ndani.

#28 JikoniBugolobi
Ndiyo hapo.

Kipande chembamba kinaiva ndani kabla nje hakijapata rangi. Unasubiri rangi, ndani pameshakauka. Kata unene wa vidole viwili, sentimita 3 hivi. Ukate kuvuka nyuzi, usizifuate. Ule utando wa fedha aliousema Bucha #6, utoe wote, hauyeyuki, unajikunja na kuikunja nyama nayo. Ingiza ncha ya kisu chini yake, geuza makali juu kuelekea utando, vuta ukiteleza.

Itoe kwenye friji mapema. Ikaushe, tena ikaushe mpaka kitambaa kisilowe. Nyama yenye maji inachemka, haikaangiki. Chumvi: ama dakika arobaini kabla, ama sekunde ile inapoingia motoni. Katikati ya hapo chumvi imevuta maji juu na haijayarudisha.

Sasa sigiri. Watu wanaidharau, mimi naipenda. Usitumie sufuria nyepesi ya alumini, inapoa ukiweka nyama. Tumia lile chuma zito la chapati, kama la vijana wa rolex, wale wa chapati na mayai. Mkaa uwe mwekundu na vumbi jeupe juu, miali imekwisha. Chuma kipate moto hadi tone la maji litimke na kupotea. Mafuta ipakeni nyama, si chuma. Weka, usiiguse. Itakuambia yenyewe, ikipata ukoko inaachia. Ukiilazimisha inang'ang'ania. Geuza. Mwishoni kijiko cha samli na kitunguu saumu kilichopondwa, inamisha chuma, mwagia mwagia juu.

Kisha itoe iketi dakika tano hadi kumi. Ukiikata palepale maji yote yanabaki kwenye sahani. Kwa wenye kipimajoto: nyuzi 55 katikati bado nyekundu, 60 waridi, 70 imeiva yote. Ukipita 70 kwa fileti, sahau.

#29 MamaTendo
Chuma cha chapati! Kiko nyuma ya mlango kinakula kutu. Asante.

#30 Nesi_Nansana
Samahani kuharibu sherehe. Nyama nyekundu katikati, Uganda hii? Tegu wa ng'ombe anaishi ndani ya misuli, mayai yake yanatokana na vinyesi vya watu malishoni, na wakaguzi hawawezi kuona kila kivimbe. Mimi kwangu inaiva yote.

Na mwaka 2023 kule Kyotera watu walipatwa na kimeta na wengine walikufa, kulikuwa na ng'ombe waliokufa wenyewe na nyama yao ikaliwa. Hiyo wala kuiva hakukuokoi, maana unaugua hata kwa kuishika na kuchuna. Nyama iwe na mhuri.

#31 JikoniBugolobi
Dada, tegu anakufa ikifika nyuzi 60 na kitu, au ikigandishwa. Kwa hiyo waridi inawezekana. Nyekundu sikushauri.

#32 Nesi_Nansana
Kugandisha ni nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku 10 kamili, si usiku mmoja. Na daktari #10 kasema tusiwahi friza. Mnatuchanganya.

#33 MamaTendo
Si unaanza na friji, inalegea, halafu ndiyo friza? Hamna kugongana hapo.

#34 Hadija_Arua
Kugongana kupo kwa mwenye umeme wa saa sita kwa siku.

#35 Baharia_Tanga
Nirudi kwenye papai. Hadija saa moja ni sawa kwa vipande, ila msilaze usiku kucha kama jirani yangu. Uso unakuwa uji, katikati bado ngumu, maana utomvu hauingii ndani sana. Nanasi vilevile, lakini bichi. La kopo limeshachemshwa, halifanyi kazi yoyote zaidi ya kutia sukari.

#36 JikoniBugolobi
Kwa mshikaki, sawa. Fileti halisi ukiipaka papai umeiharibu.

#37 Hadija_Arua
Fileti halisi niipate wapi? Hujasoma #5?

#38 Mwana_Mbarara
😂😂

#39 Nesi_Nansana
Na fomalini? Mwanzoni mwa 2018 tuliambiwa bucha zimefungwa Kampala kwa ajili ya dawa ya maiti. Tangu siku hiyo natafuta nyama yenye inzi.

#40 Bucha_Kalerwe
Nnyabo, mwaka ule wateja walinikataa kwa kuwa dukani kwangu hamna inzi, wakati nilikuwa nimeweka wavu na feni. Nikaambiwa nimepaka dawa. Kwa jirani inzi walikuwa wamejaa, akauza mpaka akafunga mapema. Mnataka usafi au mnataka inzi? Mimi nasema nusa, bonyeza, angalia mhuri wa mkaguzi kwenye paja, na nunua kwa mtu unayemjua jina.

#41 Mpangaji_Ntinda
Bucha, nami nikujue jina basi. Lakini 24,000 kila wiki siwezi. Kuna kipande kingine cha bei ya chini kinachofaa chuma cha chapati?

#42 Bucha_Kalerwe
Saloini ni nzuri, ni ile ya mgongoni upande wa juu. Bei inakaribia fileti.

Kuna kingine, na nikisema hapa najikata mguu. Juu ya mfupa wa bega, ule bapa, kuna nyama imelala, bapa nayo. Katikati yake inapita kano nene kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa ajili ya ile kano watu wanaikataa, mimi naikatakata inaingia kwenye mchanganyiko wa 17,000. Ukiigawa kwa ulalo, juu ya kano na chini ya kano, ukaitoa kano yote, unabaki na vipande viwili vya kukaanga. Wapishi wawili watatu wanaijua, wananiletea soda ili ninyamaze.

#43 JikoniBugolobi
Bucha, kwa nini lakini?! Wadau, ni kweli. Kwa ulaini inafuata fileti, na ladha inaishinda. Mimi mmoja wa hao wa soda.

#44 VetiKiruhura
Ni kweli hata kitaalamu. Bega ni sehemu ya kazi, ila msuli huo mmoja ni wa ajabu. Kano ndiyo inayoupa jina baya.

#45 MtotoWaMalaba
Wiki ijayo itakuwa 26,000. Mmeiua.

#46 Baharia_Tanga
Na mbuzi je? Anacho hicho kipande?

#47 Mwana_Mbarara
Anacho, kinatosha paka. Fungua uzi wako wa mbuzi.

#48 Afande_Mstaafu
Bucha, niwekee Ijumaa. Bega la kushoto na la kulia. Jirani yako asijue.